Akiba Rubinstein: Alimtoa malkia akashinda, akakosa pesa za taji

Jina lake lilikuwa Akiba. Usicheke. Si Kiswahili, ni jina la kale la Kiyahudi, la mwalimu mmoja mkubwa wa dini. Lakini kwetu sisi lina utani wake mchungu, maana kitu ambacho Akiba Rubinstein hakuwahi kuwa nacho cha kutosha maisha yake yote ni hiyo hiyo akiba.

Wewe uliyekulia Mikindani huna haja ya kufundishwa drafti. Umeiona kwenye vibaraza vya maduka: ubao wa mbao, visoda vya rangi mbili, wawili wamekaa wanacheza na wanane wamesimama wakitoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Sataranji ni ndugu yake drafti, miraba 64 ile ile, ila kete zake zina vyeo. Kuna mfalme, malkia, ngome mbili, farasi wawili, maaskofu wawili, na askari wanane mbele yao. Neno lenyewe limetufikia kwa majahazi, kutoka kwa Waarabu na Waajemi, na wao waliupata mchezo kutoka India. Siku hizi wengi mnaucheza kwenye simu, hasa matatu ikikwama kule Makupa na hakuna la kufanya. Basi programu ikikuandikia kwamba ulivyoanza kucheza ni njia ya Rubinstein, na itakuandikia tu, ujue ni huyu. Jina lake limebandikwa kwenye njia kadhaa, ile ya utetezi wa Kifaransa na ile ya Nimzo-Indian zikiwa ndizo maarufu zaidi.

Alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1880 katika kimji cha Stawiski, Poland. Nasema Poland, lakini wakati huo hapakuwa na nchi huru yenye jina hilo. Eneo lile lilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Babake alifariki Akiba akiwa bado hajajua kumtambua, akalelewa na babu na bibi. Familia ilikuwa ya Kiyahudi, masikini na ya dini sana, na mtoto alikuwa ameshapangiwa maisha: asome, awe rabi. Akapelekwa chuo, kama vile watoto wengi wa Pwani wanavyopelekwa chuo hadi leo.

Huko ndiko alikokutana na sataranji, na sikiliza hapa vizuri: alikutana nayo akiwa tayari ni kijana. Capablanca, yule Mcuba aliyekuja kuwa bingwa wa dunia, alijifunza akiwa na miaka 4 kwa kumwangalia babake akicheza. Rubinstein hakuwa na mwalimu wala klabu. Alichelewa, kwa kipimo cha mabingwa alichelewa mno, na bado akaacha masomo ya urabi akaenda mjini kuutafuta mchezo.

Mji aliouendea ni Łódź. Ulikuwa mji wa viwanda vya nguo, moshi na kelele, Wapoland, Wayahudi na Wajerumani wote wakitafuta riziki pamoja. Na pale palikuwa na mchezaji mmoja mwenye jina, Gersz Salwe. Kila mtaa una Salwe wake, yule ambaye ukitaka kuheshimiwa lazima kwanza umkabili. Mwaka 1903 Rubinstein alicheza naye mfululizo wa michezo, wakatoka sare. Mwaka uliofuata wakarudiana, akamfunga. Hapo mji ukajua kuna mtu.

Kufikia 1907 dunia nayo ilikuwa imejua. Mwaka huo alishika nafasi ya kwanza kule Karlsbad, mbele ya wakubwa wa Ulaya, na kule Ostend, Ubelgiji, akagawana ushindi na Ossip Bernstein. Kisha, Desemba, akarudi nyumbani Łódź kwa mashindano yaliyokuwa madogo kuliko hayo yote. Huku kwetu, reli ile inayopita Changamwe ilikuwa imetimiza miaka 6 tangu ifike Ziwa Victoria. Nakutajia hilo ili uone umbali wa wakati wenyewe. Mchezo uliochezwa mwezi huo bado unaonyeshwa watoto wanaojifunza leo.

Mpinzani wake alikuwa Gersz Rotlewi, kijana wa miaka 18 hivi, hodari, mwenye kete nyeupe. Rubinstein alikuwa na nyeusi.

Kama huchezi, elewa jambo moja. Mweupe ndiye anayeanza. Kwa wachezaji wa kiwango cha juu, kuanza ni mali. Ni kama timu yako kucheza nyumbani. Mweusi kazi yake ya kwanza ni kusawazisha, mambo ya kushinda yaje baadaye. Na Rubinstein alichagua kujilinda kwa njia ya kiklasiki, ile inayoitwa utetezi wa Tarrasch, kwa jina la daktari wa Kijerumani Siegfried Tarrasch. Tarrasch alikuwa mtu wa kanuni: toa kete zako mapema, zipe nafasi ya kupumua, shika katikati ya ubao. Wengine walioshika nyeusi walikuwa wanajikunyata nyuma kama kobe. Tarrasch aliona kujikunyata ni kujichimbia kaburi. Katika njia yake mweusi anasukuma askari wake kati mapema na kumwambia mweupe, kwa vitendo, kwamba katikati ni ya wote.

Basi wakaanza, na ubao ukawa kama kioo. Mweupe akisogeza askari wa pembeni, mweusi naye vile vile. Maaskofu wa huku wakikaa hivi, wa kule nao hivyo hivyo. Mtu anayepita angeona watu wawili wanaoigana. Lakini Rotlewi alifanya vitu viwili vidogo ambavyo hata mimi na wewe tungevifanya bila kujuta. Alimpeleka askofu wake mahali, akamtoa kwenda kula askari, kisha akamrudisha pale pale. Na malkia wake akamweka mraba mmoja, halafu akagundua si mahali pazuri, akamhamisha. Basi. Hatua mbili zimepotea. Ukihesabu vizuri kufikia hatua ya 15 utaona kioo kimedanganya: pande zote mbili zinafanana, ila mweusi ana ngome moja iliyokwisha kuingia kazini, na tena ni zamu yake kucheza. Yule aliyeanza nyuma sasa yuko mbele.

Rubinstein hakungoja. Farasi wake akaruka hadi katikati, wakabadilishana farasi, na askofu mweusi akabaki anaangalia moja kwa moja nyumba ya mfalme mweupe. Rotlewi akasukuma askari wake mbele kumfukuza. Wakasonga kweli, kwa kiburi, f4, kisha e4, kisha e5. Ukiangalia haraka utadhani mweupe ndiye anayeshambulia. Lakini askari harudi nyuma. Kila aliyesogea aliacha mlango wazi nyuma yake, na nyuma ya milango hiyo alikuwa amekaa mfalme. Askofu mweusi akamtishia kwa mbali, mfalme akakimbilia pembeni kabisa, h1. Hapo tena farasi wa pili wa mweusi akarukia g4, na malkia mweusi akaja h4. Sasa tishio ni wazi: malkia akila askari wa h2, mfalme kwisha.

Rotlewi akafanya ambalo kila mmoja wetu angefanya. Akasogeza askari wake g3. Kwa hatua moja amezuia tishio na papo hapo anamtaka malkia mweusi. Hatua ya 22. Malkia lazima aondoke, si ndiyo?

Rubinstein hakumwondoa. Alichukua ngome yake ya c8, akala farasi wa c3, na malkia akamwacha pale pale mdomoni mwa askari.

Tulia kidogo hapo. Malkia ndiye kete yenye nguvu kuliko zote ubaoni. Kwenye programu za simu, mtu akimpoteza malkia wake kwa kuteleza, mara nyingi anafunga mchezo na kuanza mwingine. Huyu bwana anamtoa kwa makusudi, na ile ngome yenyewe iliyokula farasi pia inaweza kuliwa. Na mweupe akiila hiyo ngome kwa askofu? Askofu mweusi aliyejificha kule b7, kwenye mstari mrefu wa pembe hadi pembe, anamla mwenzake wa e4 na kumtishia mfalme. Malkia mweupe akimla huyo askofu, malkia mweusi anashuka h2 na mchezo umeisha. Rotlewi akaona bora ale malkia.

Akamla. Rubinstein akachukua ngome ya pili akaipeleka d2, mbele ya malkia mweupe, bila haya, ili naye aile. Hii ndiyo hatua inayowatoa watu jasho. Kazi ya malkia mweupe ilikuwa kumlinda yule askofu wa e4. Ukimvuta kutoka pale, ulinzi umekatika. Akaila ngome. Askofu mweusi akala e4, akamtishia mfalme. Malkia mweupe akakimbia kujikinga g2, na sasa amebanwa, hawezi kutoka kwenye mstari huo bila kumwacha mfalme wazi. Hatua ya 25, ngome ya kwanza, ile iliyokuwa imekaa c3 muda wote huu, ikateleza hadi h3. Hatua inayofuata ni h2, kifo. Rotlewi ana malkia na ngome zake zote mbili. Rubinstein hana malkia, ana ngome moja, farasi mmoja, maaskofu wawili. Na Rotlewi ndiye aliyejisalimisha.

Hesabu tena: hakuna hata kete moja nyeusi iliyobaki ambayo haikuwa na kazi. Wanaopenda kuipa michezo majina wameuita Mchezo wa Milele wa Rubinstein. Naye Rotlewi usimdharau. Mwaka 1911 alimaliza wa nne kule Karlsbad kati ya wachezaji wakali wa dunia. Kisha maradhi yakamtoa kwenye mchezo, na mwaka 1920 akafariki akiwa na miaka 31 hivi.

Lakini mimi nadhani mchezo huu unatupa picha ya uongo kidogo ya mtu mwenyewe. Rubinstein hakuwa mtu wa fataki. Siku nyingi alishinda kwa upole unaochosha mpinzani: wanabadilishana kete hadi zinabaki mfalme, ngome na askari wachache, kila mtu anadhani ni sare, na Rubinstein anaendelea kusogeza ngome yake taratibu saa baada ya saa mpaka unakuta umekwisha. Katika miisho ya aina hiyo, yenye ngome, wachezaji wakubwa waliokuja baada yake bado wanamhesabu kuwa mwalimu.

Kwa upole huo huo alipanda. Mwaka 1909 kule St Petersburg alilingana pointi na bingwa wa dunia mwenyewe, Emanuel Lasker, wakagawana nafasi ya kwanza, na walipokutana ubaoni Rubinstein ndiye aliyeshinda. Mwaka 1911, San Sebastián, akamfunga Capablanca. Mwaka 1912 ukawa wake kabisa: mashindano matano makubwa, San Sebastián, Piešťany, Breslau, Warsaw na Vilnius, yote akashika nafasi ya kwanza, peke yake au kwa kugawana. Kama kungekuwa na haki ya kawaida, ile ya ligi, angekuwa anacheza fainali wiki iliyofuata.

Haikuwa hivyo. Shirikisho la kimataifa la sataranji, FIDE, halikuwepo hadi 1924, na lilianza kusimamia taji la dunia mwaka 1948 tu. Kabla ya hapo taji lilikuwa kama mali ya bingwa. Ukitaka kucheza naye unamwandikia, mnajadiliana masharti, na unatafuta pesa za zawadi wewe mwenyewe, kwa matajiri, kwa vilabu, popote. Unajua ile hadithi ya timu ya mtaani inayofuzu kwenda Nairobi halafu inakaa nyumbani kwa kukosa nauli? Ndiyo hiyo hiyo, ila kwa suti na kofia.

Hata hivyo mipango ilifanyika, na pambano la Lasker na Rubinstein likatarajiwa mwaka 1914. Kwanza kukawa na mashindano makubwa ya St Petersburg mwezi Aprili. Rubinstein, ambaye kila mtu alimngoja, alicheza vibaya na hakuingia hata kwenye kundi la watano wa mwisho. Pengine angesamehewa hilo, watu hukosea. Lakini Agosti ikaja Vita Kuu ya Kwanza, ile iliyofika hata huku kwetu na kuwabeba maelfu ya vijana wa Pwani kuwa wapagazi. Pambano likafa. Vita vilipokwisha, Rubinstein alikuwa na mke, Eugenie, na mtoto mchanga, na miaka yake bora ilikuwa imepita kwenye njaa na hofu.

Alijaribu tena. Lasker alishampoteza taji kwa Capablanca mwaka 1921. Mwaka uliofuata, wakubwa walipokutana London, waliweka saini masharti: anayetaka kumkabili Capablanca alete dola 10,000. Rubinstein alikuwa mmoja wa walioweka saini. Mwaka huo huo akashinda Vienna, mbele ya Alexander Alekhine. Kwa hiyo uwezo ulikuwepo. Dola 10,000 ndizo hazikuwepo. Aliyezipata mwishowe ni Alekhine, kwa msaada wa Argentina, na mwaka 1927 kule Buenos Aires akamwondoa Capablanca.

Kuna jambo jingine, na silizungumzi kwa raha. Rubinstein alikuwa anaugua akili. Lilikuwa limeanza pole pole tangu kabla ya vita, likazidi miaka ya 1920. Aliogopa watu. Kwenye mashindano alikuwa akisogeza kete yake kisha anainuka, anaenda kukaa kona ya mbali peke yake hadi zamu yake ifike tena. Kuna vichekesho vingi vilivyotungwa juu yake, wachezaji wa sataranji wanavipenda, mimi nimeamua kuviacha huko huko viliko. Huku kwetu angepewa majina yake pia, tungesema ana majini, watoto wangemkimbia njiani. Kumbuka tu kwamba ni katika hali hiyo, mwaka 1930, alikaa ubao wa kwanza wa Poland kwenye Olimpiadi ya sataranji kule Hamburg. Poland sasa ilikuwa nchi huru. Alicheza michezo 17, akashinda 13, akatoka sare 4, hakufungwa hata mmoja. Poland wakachukua dhahabu.

Baada ya 1932 hakushindana tena. Familia ilikuwa imehamia Ubelgiji, watoto sasa wawili, wote wavulana, na Eugenie ndiye aliyekuwa akihakikisha wanakula. Mwaka 1940 Wajerumani wakaivamia Ubelgiji. Wayahudi wapatao 25,000 walikusanywa katika kambi moja mjini Mechelen, wakapakiwa kwenye garimoshi na kupelekwa Auschwitz. Rubinstein, Myahudi, mgonjwa, mtu aliyeogopa hata kubisha hodi, alinusurika.

Mwaka 1950 FIDE ilitoa orodha ya kwanza rasmi ya wenye daraja la juu kabisa la mchezo huu, watu 27. Jina lake lilikuwemo, miaka 18 baada ya kuacha mashindano. Eugenie alifariki 1954. Yeye alifuata Machi 1961, mjini Antwerp. Tangu 1963 Wapoland huandaa mashindano ya kumkumbuka katika mji wa Polanica-Zdrój.

Mchezo wa Łódź uko bure mtandaoni, andika tu Rotlewi, Rubinstein, 1907. Ni hatua 25, ukiziangalia haraka hata hujafika Jomvu. Ila ukifika ya 22, askari mweupe akishasogea g3, isimamishe simu kwanza, mpe na jirani yako kwenye kiti aangalie, mbishane malkia aende wapi.